Manowari Ndogo na Wapagazi Wasioonekana

Wako watu wanaodhani kwamba kuunda mfano wa manowari, wenye mizinga, milingoti, minyororo ya nanga na dohani zake zote, kila kitu kwa kipimo chake, ni mchezo wa watoto wakubwa. Wako wengine wanaodhani kwamba kazi hiyo ni kuzisujudia silaha za waliotutawala. Na liko kundi la tatu, ambalo ni la mafundi wenyewe, wanaodhani kwamba mfano ukiwa sahihi katika ribiti zake umekuwa sahihi katika kila jambo. Insha hii yanuia kuyapinga makundi yote matatu, na zaidi yanuia kulipinga la tatu. Kwa kuwa kosa la asiyejua ni jepesi kulisahihisha, bali kosa la fundi hodari hutiwa ndani ya kabati la kioo, likamulikwa kwa taa, likafundishwa kwa wana wetu kuwa ndiyo kweli.

Segese ni mahali pa bara, katika mkoa wa Shinyanga, kwenye ukanda wa dhahabu unaopitia Bulyanhulu na kuelekea Geita. Hapa hapana bahari wala bandari. Watu wa hapa hujua zaidi kina cha duara la mchimbaji kuliko kina cha maji. Basi mtu akisema kwamba katika shule ya mahali kama hapa yafaa uwekwe mfano wa manowari, ulioundwa kwa mikono ya wanafunzi, ukaonyeshwa kwa wazazi na wapita njia, hakosi wa kumcheka. Ataulizwa: Segese na manowari wapi na wapi? Swali hili ndilo nilitakalo, kwa kuwa jibu lake ni kiini cha hoja yangu. Manowari zilizopigana katika nchi zetu katika vita vikuu vya 1914 hadi 1918 hazikuwa mambo ya majini peke yake. Zilipita nchi kavu vipande vipande, nyingine kabla ya kuelea na nyingine baada ya kuzama. Na zilipopita nchi kavu hazikuchukuliwa na mawimbi. Zilichukuliwa na watu wa bara.

Na tuanze na wale waiitao kazi hii mchezo. Tuitwae manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa na urefu wa mita 115, dohani tatu na mizinga kumi mikubwa. Kwa kipimo cha moja kwa mia urefu wake wawa sentimita 115, nao waenea juu ya meza ya darasani. Tundu la mzinga wake, ambalo kwa kweli lilikuwa la sentimita 10 na nusu, lawa tundu la milimita moja, ambalo hutobolewa kwa ncha ya sindano. Baharia aliyesimama juu ya sitaha awa na kimo cha milimita 17, kadiri ya punje kubwa ya karanga. Mwanafunzi akikosea milimita moja katika kukata taruma la ubavuni, amekosea sentimita 10 katika meli yenyewe. Akikosea taruma mbili au tatu, mkuku hauketi sawa, ubao wa ubavu hauungani, na gundi yote ya dukani haitamsaidia. Ni mchezo gani huu usiosamehe kosa la milimita moja? Hiyo ni hesabu, na ni adabu. Mnunuzi wa dhahabu katika nchi hii akiwa na mzani wa uongo huitwa mwizi. Mwenye kuunda kwa kipimo hujifunza jambo lilo hilo, kwamba kipimo ni amana.

Huko Uingereza, tangu karne ya 17, wakuu wa majeshi ya majini walitengenezewa mifano ya merikebu zao kwa vipimo halisi, na mingi ingali ikionekana katika jumba la makumbusho la Greenwich. Hakuna aliyewaita watoto. Wala wenyeji wa kwetu si wageni wa elimu hii. Kule Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, limejengwa banda lenye umbo la kiti cha enzi cha watemi: kitu kidogo kimekuzwa kikawa nyumba, ili mtazamaji aingie ndani ya maana yake. Mwenye kuweza kukuza kiti kikawa nyumba, kwa nini asiweze kupunguza meli ikawa kitu cha mezani?

Kundi la pili lina haki ya kusikilizwa kwa heshima zaidi, maana uchungu wao una sababu. Wasema: manowari hizi zilikuja kutupiga au kutugombania, kuziunda upya na kuzipamba ni kuwatukuza walewale. Nami nawajibu kwamba kuzificha hakufuti kitu. Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Fort Jesus mjini Mombasa. Mwingine uko Jinja, Uganda. Wa tatu uko Pretoria, Afrika Kusini. Watu huipita, hupiga picha, huondoka. Chuma tayari kinaonyeshwa, tutake tusitake. Jambo lililobaki ni moja tu: nani atakieleza chuma hicho, na atakieleza vipi? Tukikataa kusema, tumewaachia wengine waseme peke yao, na wao hawajawahi kukosa maneno.

Hebu basi tuitazame habari yenyewe, maana katika kuitazama ndipo kosa la kundi la tatu litakapojidhihirisha.

Königsberg iliwasili Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja, ikaizamisha. Lakini mitambo yake yenyewe ilikuwa imeharibika, ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Sehemu za mitambo zilizovunjika zilifunguliwa, zikakokotwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikakokotwa tena mpaka Rufiji. Msomaji na asimame hapa kidogo. Katika vitabu vingi jambo hili huandikwa kwa sentensi moja, nayo aghalabu ni sentensi isiyo na mtenda: "mitambo ilipelekwa". Ilipelekwa na nani? Chuma hakina miguu.

Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za Kiingereza zenye matako mapana, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaipiga Königsberg mpaka ikalala, na mabaharia wake wakamalizia kuizamisha wenyewe. Walakini haukuwa mwisho wake. Mizinga yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikagawanywa katika nchi. Tangu siku hiyo manowari ile ilianza safari ya pili, ya nchi kavu, iliyokuwa ndefu kuliko nyingi za baharini: ikavutwa kwa kamba katika mchanga na tope, ikapandishwa milima, ikavushwa mito, mpaka mmoja baada ya mwingine mizinga ile ikavunjwa au ikatekwa. Mmoja ulifika hata ziwa Tanganyika, ukawekwa juu ya meli nyingine.

Meli hiyo nyingine ni Graf von Götzen. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa merikebu na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambayo ilifika ziwani mwanzoni mwa mwaka 1914. Huko ikaunganishwa upya, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mafundi watatu waliotoka Papenburg kuja kuiunganisha wajulikana kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Pamoja nao walifanya kazi mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Majina ya watatu yanakaririwa katika kila kitabu cha habari hii. Majina ya waliofungua makasha, walioshika chuma cha moto, waliopiga ribiti jua likiwa utosini, hayamo.

Waingereza nao walikuwa na mradi wao. Mwaka 1915 walileta mashua mbili za mitambo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Cape Town, kisha kwa reli mpaka Fungurume katika Kongo, na kutoka hapo kwa nchi kavu kupitia milima ya Mitumba, zikivutwa kwa mitambo ya mvuke na kwa ng'ombe, huku makundi ya vibarua yakitangulia kukata miti, kuchonga barabara na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Vita vya majini vya dakika chache, vilivyotanguliwa na miezi ya kuchonga barabara. Ulimwengu ulikumbuka zile dakika. C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935 iliyochota katika habari hizi, The African Queen, na mwaka 1951 ikafanywa filamu iliyoenea dunia nzima. Ndani yake Mzungu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke washuka mto kwa mashua yao. Waafrika waonekana mwanzoni, kisha watoweka, kana kwamba mashua za nchi hii zilijiendea zenyewe.

Wala haya hayakuanza mwaka 1914. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874, mashua yake Lady Alice ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, ikapitishwa katika nchi ya Wasukuma, ikafika Kageye kando ya ziwa Victoria mwaka 1875. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa mabingwa wa misafara kabla ya reli kuwako. Kila mfanya biashara na kila mvumbuzi aliyetaka kufika maziwani aliwategemea. Haya ndiyo majibu ya swali la Segese na manowari wapi na wapi. Nchi hii ya bara ilizijua meli kwa njia ambayo watu wa bandarini hawakuzijua: iliujua uzito wake.

Sasa nalirudia kundi la tatu, la mafundi. Nawasifu kwa moyo mweupe. Nimeona jinsi mtu wa kazi hiyo anavyoweza kukesha juu ya ngazi ya kamba isiyozidi urefu wa kidole, na kupiga msasa ubavu wa meli mpaka uteleze kama ganda la yai. Hawa ni watu wa kweli, na kwa sababu ni watu wa kweli nawadai zaidi. Fundi huyu anapoiunda Königsberg huhesabu madirisha ya ubavuni. Akipungukiwa na moja huona haya. Huchora maji ya bahari chini yake, yenye povu na mawimbi. Huweka mabaharia sitahani, mmoja ameshika darubini, mwingine anafuta sakafu. Kisha huandika kibandiko: "Königsberg, Rufiji, 1915". Basi namwuliza: ikiwa ni Rufiji na ikiwa ni 1915, wako wapi waliokokota mitambo? Umehesabu madirisha ukawaacha watu. Kwa mizani ya kazi yako mwenyewe, mfano huo umepungua.

Atanijibu kwamba yeye anaunda meli, si historia. Kwamba wapagazi walikuwa nje ya meli, na kipimo chake kinakoma ubavuni mwa chombo. Jibu hili halisimami. Bahari nayo iko nje ya meli, naye ameiweka. Ameiweka kwa kuwa anajua kwamba meli bila maji haieleweki. Nami nasema kwamba manowari za nchi hii bila mabega hazieleweki vilevile. Mzinga uliokuwa Rufiji ukaonekana Kigoma haukuvuka nchi kwa upepo.

Atasema tena: ramani za meli zipo, zimehifadhiwa; za wapagazi hazipo, na mimi sibuni. Hoja hii ni nzuri zaidi, na hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi na wanachuoni. Kazi ya chuo ni nini kama si kuitafuta ramani ambayo fundi hakuipata? Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zinazo kumbukumbu za serikali ya Kijerumani. Masimulizi ya vita vile yalirithiwa majumbani, na mara nyingi aliyerithi ni bibi aliyesikia kwa baba yake. Zipo picha za wakati huo zinazoonyesha jinsi kamba zilivyofungwa na watu walivyopangwa. Mzigo una uzito ujulikanao, mwili wa mtu una nguvu zijulikanazo, na njia ina urefu ujulikanao. Mwanafunzi wa hesabu na mwanafunzi wa historia wakikaa meza moja, wataweza kuuchora msafara kama vile mhandisi alivyoichora meli.

Na wakiisha kuuchora, wasiogope ukubwa wake. Vita vile katika Afrika ya Mashariki viliua kwa upande wa Waingereza peke yake watu zaidi ya 100,000, na wengi mno kati yao hawakuwa askari bali wapagazi, waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Tuwapime watu 100,000 kwa kipimo kilekile cha moja kwa mia. Bega hata bega mtu huchukua nafasi kama ya nusu mita. Katika mfano wetu yawa nusu sentimita. Wakisimamishwa safu moja, bega kwa bega, safu yao itakuwa na urefu wa nusu kilomita. Manowari itakuwa sentimita 115. Hii ndiyo hesabu ambayo makabati ya kioo hayajaionyesha, nayo haihitaji ufasaha wowote; yahitaji rula tu na uaminifu wa kuisoma mpaka mwisho wake.

Liko onyo moja ambalo sina budi kulitoa, lisije likasemwa kwamba nashabikia maonyesho kwa ajili ya fahari. Watasimama watu waseme: tuunde manowari ili wageni wajue kwamba nasi twaweza. Fahari ya namna hii ina historia mbaya katika nchi zetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoziharibu meli za Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash aliagiza iundwe Glasgow, kwa kuigiza umbo la manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo. Ilikamilika mwaka 1878, ikatia nanga mbele ya jumba lake, ikapendeza macho. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipoipiga Unguja, Glasgow ilizama siku iyo hiyo katika vita visivyotimia saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, kila apitaye bandarini aione. Ulikuwa mfano mkubwa wa manowari ya wengine, nao haukumkinga mwenyewe.

Hata Graf von Götzen ilifikia kuwa mfano. Mwaka 1916 mizinga yake ya kweli ilipohitajiwa kwingine iliondolewa, na mahali pake ikawekwa mizinga ya miti, iliyochongwa ili adui aitazamapo kwa mbali ahofu. Huo nao ulikuwa ufundi wa kuunda kwa kipimo! Lakini ulikuwa ufundi wa kudanganya. Tarehe 26 Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo mafuta mazito ili isishikwe na kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo yao hata karne hii ya 21. Ajabu ya meli hii ni kwamba iliishi miaka mingi zaidi katika kuchukua samaki, mahindi na wasafiri kuliko katika vita. Walakini mafundi wengi hupenda kuiunda ikiwa na mzinga.

Kuunda kwa kipimo basi kwaweza kuwa mzinga wa mti, na kwaweza kuwa ushahidi. Tofauti haiko katika wembamba wa kamba wala katika rangi ya dohani. Iko katika kile ambacho mwundaji amekubali kukipima. Anayepima chuma peke yake amechonga mzinga wa mti, hata kama kila ribiti iko mahali pake.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo si la gharama kubwa. Katika shule za bara, na Segese iwe miongoni mwa za kwanza, wanafunzi waiunde Graf von Götzen kwa kipimo cha moja kwa mia, ambayo kwa kuwa ilikuwa na urefu wa mita 71 itakuwa na sentimita 71. Waiunde katika hali ya kuunganishwa, nusu yake mbavu tupu, na makasha yake yakiwa yamepangwa kando. Waunde na mzinga mmoja wa Königsberg juu ya magurudumu, wenye shina la sentimita 4 na kidogo, na kamba zake, na watu wa kamba, kila mtu kimo cha punje ya karanga, hata kama utakuwa mwaka mzima wa kuchonga watu. Mti upo, kisu kipo, watoto wa hapa huunda magari ya waya yenye usukani unaozunguka bila kufundishwa na mtu. Kibandiko kiandikwe kwa Kiswahili, nacho kiwe na mtenda katika kila sentensi: nani alibeba, nani alivuta, nani alipiga ribiti. Mahali ambapo jina limepatikana, liandikwe. Mahali ambapo halikupatikana, pasizibwe kwa neno "ilipelekwa". Paachwe wazi, ili mwanafunzi wa mwaka ujao ajue palipobaki kazi.

Na vyuo vyetu vikuu visingoje mpaka shule ya Segese ivione haya. Vinayo maktaba, vinao wahandisi na wanahistoria wanaopishana ukumbini bila kusalimiana. Wakutane juu ya meza hii moja. Kisha kazi hiyo iwekwe pale wananchi wanapoweza kuiona bila kulipa, na nje ya mlango ichorwe chini safu ya nusu kilomita, ili mtazamaji akiisha kuiinamia manowari na kustaajabia uzuri wake, aende kwa miguu yake mpaka safu ile iishe.